Siku Mama Mkubwa Alipomnyima Mtu Chai

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanaonijua pale Makandana, Tukuyu, kwenye kibanda changu cha fotokopi na kuchapa barua, wanajua kwamba karatasi ikikwama kwenye mashine nagombana nayo kama na mtu. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani uvumilivu atakaousoma humu ni wangu. Ni wa mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, mkazi wa Masukulu na mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake tunaotengeneza chai kwa mikono. Yeye hana hasira. Ana kitu kingine, na mpaka leo sijakipatia jina.

Majani mengi ya huku kwetu huenda kwenye viwanda. Sisi tunachuma ya kwetu, tunayatandaza kwenye nyungo mpaka yanyauke, tunayasokota kwa viganja, tunayakausha bandani, halafu tunamuuzia mnunuzi mmoja wa Ulaya mwenye kampuni ndogo. Alikuja kutuona mara moja tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Mama mkubwa alimpikia mbalaga, ndizi zetu za kupika, na kwa kuwa hakujua kwamba kwetu sahani tupu ni ombi, akala, akaongezwa, akamaliza, akaongezwa tena mpaka macho yakamtoka. Mama mkubwa alimpenda siku ileile.

"Huyu ni mtu," alituambia mgeni alipoondoka. "Amekula."

Mwaka uliofuata hakuja yeye. Alimtuma mwanasheria, binti mwenye viatu vya kupandia milima na kompyuta mgongoni, aje atufundishe sheria ya kwao ya kuzuia rushwa. Mimi ndiye katibu wa kikundi kwa sababu ya Kiingereza changu cha kidato cha sita, basi nikawekwa katikati nitafsiri. Tulikaa bandani, wanawake kwenye mabenchi, mvua ya Tukuyu ikipiga bati kama kawaida yake.

Swali lake la kwanza lilikuwa jepesi. Je, huwa mnawapa maofisa wa serikali kitu chochote ili mambo yenu yaende? Na mimi, kwa uhodari wangu, nikaona neno rushwa ni zito mno, lina harufu ya polisi, litawatisha akina mama. Nikaliweka kiungwana, kama tunavyoliweka mjini. Nikasema, "Anauliza kama huwa mnawapa maofisa chai."

Nchi nzima inajua chai hiyo ni ipi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake ambao vidole vyao vimekuwa vyeusi kwa chai ya kweli.

"Tunawapa!" akasema mama mkubwa, akishangaa kwamba mtu anaweza kuuliza swali kama hilo. "Mwambie tunawapa wote. Bwana shamba akija anapata, wa afya akija anapata. Mtu aje hapa aondoke hajapewa chai, sisi tutakuwa watu gani?"

"Na pakiti ya kumpelekea mkewe," akadakia mwanamke mwingine, na benchi zima likaitikia kwa fahari.

Ningeweza kuliokoa jahazi kwa Kiingereza, lakini kumbe yule binti alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kabla ya kuja, na katika maneno machache aliyofundishwa chai ilikuwemo, zote mbili. Niliona uso wake ukibadilika. Akaifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. Ilinichukua alasiri nzima kuitenganisha chai na chai. Nilieleza, nikarudia, nikapandisha sauti, nikamwonesha birika. Alipoelewa alicheka mpaka akafuta machozi, na wanawake wakacheka naye bila kujua kinachochekesha.

Alipomaliza kucheka akaweka mpaka. Kikombe anachokunywa mtu akiwa amekuja bandani hakina neno. Pakiti ya kubeba, kwa mtu ambaye saini yake inatuhusu, basi tena. Na kama mzigo wetu uko mikononi mwa mtu, unasubiri uamuzi wake, asipewe kitu, hata kidogo. Na akituomba, sharti tumjulishe mnunuzi.

Wanawake wakanung'unika. Mgeni kuondoka mikono mitupu ni jambo la kusemwa mazikoni. Mama mkubwa ndiye aliyeuliza swali la maana. Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani, na sheria kwake ni selia. Naliandika hivyo neno hilo moja kwa sababu nikilisikia kwa sauti nyingine naona si lenyewe.

"Muulize, hiyo selia ni ya kwao. Mimi niko Masukulu. Nikitoa mimi, inanipataje?"

Mwanasheria akajibu kwamba hata sheria ya nchi yetu inakataza, hilo tulijue. Lakini ile ya kwao ina jambo la ziada. Yeyote anayefanya kazi kwa niaba ya kampuni yao, popote duniani, akitoa rushwa ili biashara yao iende, kampuni inaweza kushtakiwa kule nyumbani. Faini yake inaweza kuimaliza. Na mwenye kampuni akibainika alijua akanyamaza, anaweza kufungwa.

Nikatafsiri. Mama mkubwa akanitazama, akamtazama mwanasheria, akanirudia mimi.

"Nikitoa mimi hapa, anafungwa yeye kule?"

"Anaweza, mama."

"Yule aliyekula mbalaga kwangu?"

"Huyohuyo."

Akavuta kanga yake mabegani. Nimeishi na sheria maisha yangu yote, nazichapa kibandani, nazitoa nakala, naona watu wakizikunja na kuzitia mfukoni. Sikuwahi kuwaza kwamba watu wanaweza kukaa katika mji nisioujua, wakaandika maneno, na maneno yale yakavuka bahari, yakapanda milima yetu, yakapita migombani mpaka kwenye birika la mwanamke wa Masukulu, yakamwambia mkono wako sasa una uzito kwenye mizani ya mahakama ya mbali. Niliogopa, na papo hapo niliona fahari. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tunalolifanya sisi linafika mbali hivyo.

Tusidhani lilikuwa jambo la kinadharia. Mfanyabiashara mmoja wa parachichi wa upande wa Ikuti, mtu mzuri, alimpoteza mnunuzi wake wa nje wakati huohuo. Hakutoa kitu yeye. Wakala wake ndiye aliyetoa, huko njiani, ili gari lipite haraka parachichi zisiive. Mnunuzi alipopata habari akakata mkataba kwa hofu ya sheria hiyohiyo. Yule bwana alikuja kibandani kwangu kuchapa barua ya kujieleza, akaniambia, "Dada, mimi wala sikuwepo." Nilimwonea huruma. Sheria haikumuuliza kama alikuwepo.

Basi msimu huo tukafunga mzigo wetu mkubwa kuliko yote tuliyowahi kufunga. Ulikuwa na chai ya kila mwanamke wa kikundi, imechanganywa pamoja, na ada za shule za nyumba nyingi zilikuwa zinasubiri humo. Ulitakiwa ufike Dar es Salaam kabla kontena tulilochangia na wauzaji wengine halijafungwa. Likifungwa bila sisi, mnunuzi atakuwa na rafu tupu, na mnunuzi mwenye rafu tupu hutafuta chai kwingine.

Dereva akapiga simu akiwa njiani.

"Dada, mzigo umeshikwa. Ofisa anasema lazima ukaguliwe upya. Wameushusha ghalani."

"Ghala gani?"

"Hili la hapahapa. Lina dagaa."

Nilikaa chini. Chai kavu haijui kukataa; huvuta kila harufu iliyo jirani nayo. Kwenye banda letu hakiingii hata kitunguu, na mwanamke aliyejipaka manukato hurudishwa nyumbani akaoge. Sasa msimu wetu mzima ulikuwa umelala na dagaa, na kila saa iliyopita ulikuwa unavuta harufu yao.

"Anachotaka ni chai tu, dada," akasema dereva. "Hela ya maji tu. Tumpe tuondoke."

Mji ule siutaji wala ofisi siitaji, kwa kuwa aliyetuomba alikuwa mtu, si jengo. Tulikwenda mimi na mama mkubwa. Yeye alibeba kikapu chake na chupa ya chai, kama anavyobeba akienda popote, hata kanisani.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tukamkuta kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Akamwamkia mama mkubwa shikamoo, akamvutia kiti akae. Hilo lilinikasirisha kuliko kama angetutukana, maana mtu mwenye adabu hujui pa kumshika.

"Mama, mzigo wako hauna tatizo kubwa," akasema. "Ni utaratibu tu. Wewe ni mtu mzima, unaelewa. Chai kidogo tu, mama, mambo yaishe."

Nikafungua mdomo. Mama mkubwa akaniwekea mkono gotini, nikaufunga.

"Mwanangu," akasema, "Kiswahili changu ni cha shamba, univumilie. Chai unayoitaka naijua. Yuko mtu, kwao mbali. Alikuja kwangu akala. Kwao kuna selia. Mimi nikikupa wewe kitu hapa, anayeitwa mahakamani ni yeye kule. Si wewe wala si mimi. Sasa mtu aliyekula kwangu, mimi nimpeleke jela? Wenzake wa jela wakimuuliza amefanya nini, aseme nilikula ndizi za yule mama wa Rungwe?"

Kijana akatabasamu. "Atajuaje, mama? Hapa tuko sisi tu."

"Nitamwambia mimi."

"Utamwambia?"

"Nimeahidi. Kila anayeniomba nitamtaja. Na wewe nitakutaja, unisamehe."

Tabasamu likabaki usoni mwa kijana bila kazi. Mama mkubwa akagusa kikapu chake.

"Humu mna chai ya kunywa. Nimeipika mwenyewe asubuhi. Mimi mtu akitamka chai tu mbele yangu, mkono wangu unakwenda wenyewe. Lakini mzigo wangu uko kwako, kwa hiyo hata hii siwezi kukupa. Tangu niolewe sijamnyima mtu chai, awe jirani awe adui. Leo nakunyima wewe. Naona aibu, mwanangu. Naona aibu sana mbele yako."

Na kweli aliona aibu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. Nilimtazama yule mwanamke, nikatazama meza, nikamtazama kijana, na nilistaajabu mpaka hasira zangu zote nilizozibeba kutoka nyumbani zikakosa pa kukaa. Maana katika chumba kile aliyekuwa analia kwa aibu ni yule aliyekataa kutenda kosa. Tena hakujifanya. Kijana angemkemea, angeshinda. Angemcheka, angeshinda. Lakini mtu anayekuomba radhi kwa kutokukupa rushwa, utamfanya nini?

Akasimama, akasema mkubwa wake hayupo, tusubiri. Tukasubiri. Mama mkubwa alikwenda kukaa kwenye kreti mlangoni mwa ghala, na kila kijana alipopita alimsalimia, "Habari ya kazi, mwanangu," bila kejeli hata chembe. Usiku tulilala kwa mama ntilie mmoja aliyetuonea huruma, asubuhi tukarudi palepale. Dereva alizunguka akisonya. Alinivuta pembeni akaniambia bibi huyu atatuua kwa njaa kwa ajili ya mzungu, na kwamba wenye magari mengine wanapita tunawaona. Walikuwa wanapita kweli. Kila lililopita nilihisi dagaa wameisogelea chai yetu hatua moja.

Nikampigia mnunuzi, nikamweleza yote, na jina la ofisa, kama tulivyoahidi. Akasema tusilipe. Kama kontena litatuacha, lituache.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa amekaa kwenye joto lake, kwamba sheria yao ni nzuri sana kwa watu ambao chai yao haikulala na samaki, na kwamba wao wameandika na sisi ndio tunaolipia. Sijutii, maana ni kweli. Hizi sheria huwapiga kwanza wale wasio na kitu cha kupoteza mara ya pili. Mkubwa akicheleweshwa anapeleka mzigo mwingine, nasi huo mwingine hatuna. Mnunuzi hakubisha. Aliuliza tu kama mama amekula.

Nikamwambia mama mkubwa alichouliza. Akatikisa kichwa polepole. "Unaona?" akasema. "Nilikwambia huyu ni mtu."

Sijui kilichomgeuza yule ofisa. Dereva anaapa ni kule kutajwa jina nje ya nchi. Labda. Mimi nilimwona asubuhi ile akifika kazini, akazunguka nyuma ya jengo ili asipite mlangoni mwa ghala, na jengo zima, ghala na ofisi, likiwa na mlango mmoja tu ikambidi arudi apite. "Habari ya kazi, mwanangu." Hakuitikia. Baada ya muda alitoka na karatasi zetu zimegongwa mhuri, akazikabidhi bila neno. Hakukagua kitu chochote.

Kontena tuliliwahi, na mnunuzi yule bado ananunua kwetu. Lakini haukwenda mzigo wote. Wako wanawake Masukulu ambao hawajamsamehe mama mkubwa mpaka sasa. Kwenye kikao walimuuliza usoni kama ndizi alizokula mzungu zina thamani kuliko ada za watoto wao. Aliuza ng'ombe wake, akawagawia fedha. Nami nilikuwepo mlangoni mwa ghala, kwa hiyo kwenye kikao kile nilipiga kelele kwa niaba yake mpaka sauti ikakauka.

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa mlangoni. Mhuri umegongwa, dereva anawasha gari, mama mkubwa akasema hakuna kinachopakiwa mpaka aonje. Akaenda kwa mama ntilie akaomba maji ya moto na vikombe. Akafungua boksi la mbali kabisa na dagaa, akaloweka, akanywa, akaitikia kwa kichwa. Pakia. Likaja la pili, pakia. Akaendelea hivyo kuelekea ukutani walikokuwa dagaa, dereva akimhimiza na mimi nikimwombea kimoyomoyo kila boksi liwe zima. Kisha akanywa kikombe kimoja akakishikilia mdomoni muda mrefu. Akanipa. Harufu ilikuwa ndogo, kama mtu aliyepita na samaki jana. Mnunuzi mwingine asingeijua. Mimi mwenyewe nikamrudishia kikombe nikasema, "Mama, hii yaweza kupita."

"Haiwezi," akasema.

Kuanzia lile boksi mpaka ukutani yote yakabaki chini. Tuliyatazama. Mikono ya wanawake wote wa kikundi ilikuwa mle ndani, pamoja na yangu.

Ndipo nikagundua kijana yule alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alikuwa ametazama kwa muda gani. Uso wake haukuwa wa ofisini tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hii iliyoharibika si haiuziki tena?"

"Haiuziki."

"Na mhuri nimeshagonga. Hakuna ninachokudai." Akakitazama kikombe mkononi mwa mama mkubwa, kilichokuwa bado kinafuka moshi. "Basi ninyweshe hata hiyo. Nataka tu kunywa."

Niliuona mkono. Nilimwona mama mkubwa akinyanyua kikombe kumwelekea, kama alivyofanya maisha yake yote kwa kila aliyefika mlangoni pake, na naapa kwamba wakati ule hata mimi, na hasira zangu, nilitaka ampe. Mkono ukafika katikati ukasimama. Kwenye gari letu palikuwa na msimu huu, lakini palikuwa na msimu ujao pia, na barabara ni hiyohiyo, na kijana ni huyohuyo.

"Ukistaafu, mwanangu," akasema. "Njoo Masukulu. Utakunywa mpaka ushindwe."

Akainamisha kikombe, akakimwaga chini, mbele yake, mpaka tone la mwisho. Halafu akaniambia nimsaidie kufunga maboksi.